Swichi za taa na stelingi ya MGB: spea za kununua na zile za kusafisha ulizonazo

MGB, gari la michezo la zamani la Uingereza, ikianza kutoa mwanga hafifu usiku na usukani ukawa unatangatanga, mwenye gari hufungua katalogi na kuagiza vyote kwa mpigo: swichi ya taa, mkono wa indiketa, tairodi endi mbili (viungo vya kati ya stelingi na matairi), mipira ya reki (reki ni chuma chenye meno kinachogeuza matairi), na mfuko ukiruhusu, reki nzima. Vyote vinapatikana. Gari hili lilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, yakatoka zaidi ya laki tano, na biashara ya spea zake haijawahi kulala. Shida ni kwamba kinachotoka kwenye boksi mara nyingi ni kibovu kuliko ulichokifungua kwenye gari. Msimamo wetu, ili usisome mpaka chini ukiutafuta: upande wa taa lipia seti ya relei (swichi za umeme zinazobeba mzigo wa taa), swichi ya zamani isafishe. Upande wa stelingi lipia tairodi endi nzuri na jointi ya safu (kiungo kati ya safu ya usukani na reki), reki ya kubadilishana iwe uamuzi wa mwisho kabisa.

Kabla ya kugusa chochote, fungua waya wa betri na uhakikishe gari lako limefungwa upande gani. Yaliyotoka kabla ya mwisho wa 1967 kwa kawaida yalikuwa na chanya kwenye bodi. Ya baadaye ni hasi. Mengine yalishageuzwa na mafundi wa zamani bila kuandika popote, kwa hiyo usiamini mwaka wa gari, angalia ni nguzo ipi ya betri iliyofungwa kwenye bodi. Kumbuka pia kwamba hadi 1974 gari lilikuja na betri mbili za volti 6 nyuma ya viti, zimeunganishwa kwa mfuatano. Muunganisho wa kati ya betri hizo ukiwa na kutu, utahangaika na swichi bure.

Swichi ya taa ya dashibodi

Ili uelewe kwa nini spea hii inakufa, fuata umeme. Taa kubwa za MGB hazina relei wala fyuzi. Waya wa kahawia, ambao una moto muda wote, unaingia kwenye swichi ya dashibodi. Kutoka hapo waya mwekundu unakwenda taa ndogo, na waya wa buluu unakwenda swichi ya kubadilisha fuli na dimu. Magari ya mwanzo yana swichi hiyo sakafuni, inabonyezwa kwa mguu wa kushoto. Ya baadaye imehamia kwenye mkono wa indiketa. Ikitoka hapo, buluu yenye mstari mweupe ni fuli, buluu yenye mstari mwekundu ni dimu.

Sasa piga hesabu. Balbu mbili za H4 zikiwa fuli ni wati 60 mara mbili, yaani 120. Kwa volti 12 hiyo ni ampea 10, na hujaweka taa ndogo za mbele, za nyuma, za namba na za dashibodi. Zote zinapita kwenye vipande vya shaba vidogo kuliko punje ya mahindi, vinavyokutana kwa nguvu ya springi. Vikipata uchafu na kufikisha upinzani wa omu 0.1 tu, unapoteza volti 1, na wati 10 zinageuka joto ndani ya kasha la plastiki. Joto linalegeza springi, springi ikilegea mguso unapungua, upinzani unapanda, joto linazidi. Ndiyo maana swichi haififii polepole kwa miaka. Inavumilia sana halafu inaharibika ndani ya majuma machache.

Swichi mpya za kuiga, za roka hasa, zinafanana na za asili mpaka uzifungue. Shaba ya ndani ni nyembamba zaidi, na miguu ya kuunganishia waya imebanwa kwa ribiti ambazo ukizitikisa kwa vidole zinacheza. Mguu unaocheza ni upinzani mwingine uliolipia. Ukiipokea, fanya jaribio hili kabla ya kuifunga: shika kila mguu kwa koleo dogo, usukume kushoto na kulia kidogo. Ukicheza, irudishe ilikotoka. Usipoteze muda kuipima kwa omu. Multimita ya kawaida haiwezi kusoma upinzani mdogo hivyo kwa uhakika, nyaya zake zenyewe zina omu 0.2 au zaidi. Kipimo cha kweli ni volti zinazopotea kazini: washa taa kubwa, weka ncha moja ya multimita kwenye mguu wa kahawia wa swichi na nyingine kwenye mguu wa buluu. Chini ya volti 0.1 ni swichi nzuri. Ikivuka 0.3 hiyo haifai, iwe mpya iwe ya zamani.

Swichi ya asili ya Lucas, kampuni iliyotengeneza vifaa vya umeme vya gari hili, ikisafishwa hupita mtihani huo mara nyingi kuliko ile ya dukani. Kuisafisha ni kazi ya muda mfupi tu, mradi uifungue ndani ya mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga. Hili si utani. Ndani kuna springi na gololi au kijipini kidogo kinachosukuma bapa la shaba, na kasha likiachia tu vinaruka. Bonyeza vishikizo vya pembeni kwa bisibisi nyembamba mbili kwa wakati mmoja. Ukitumia moja utavunja kishikizo cha upande wa pili, maana plastiki ya umri huo imekuwa kama kioo kwa ugumu wake.

Ukishafungua utaona bapa la shaba lenye doa jeusi pale linapogusa, na mara nyingi kishimo katikati ya doa. Weusi peke yake unatoka kwa msasa namba 1000 uliokunjwa, au kwa kalamu ya nyuzi za kioo, kisha futa kwa dawa ya kusafishia mguso wa umeme. Kishimo kirefu ni habari nyingine: ukikisugua mpaka kiishe, bapa litabaki jembamba na mguso utakuwa mdogo. Njia nzuri ni kuligeuza bapa, kama umbo lake linaruhusu, upande ambao haujaungua ndio uguse. Springi ikiwa imebadilika rangi na kuwa ya buluu, imepikwa. Tafuta nyingine ya urefu na unene uleule. Weka grisi kidogo sana kwenye mhimili tu. Ukiipaka kwenye mguso, inakusanya vumbi la shaba na kuungua.

Kasha likiwa limeyeyuka na miguu imehama, hapo nunua mpya bila kujadiliana. Lakini inunue pamoja na relei, vinginevyo utanunua tena.

Seti ya relei

Hii ndiyo bidhaa inayobadilisha gari. Kanuni ni rahisi: swichi inabaki na kazi ya kuamrisha tu, ikibeba chini ya nusu ampea, huku umeme wa balbu ukipita njia fupi na nene kutoka betri au kituo cha selfu hadi taa. Faida yake unaiona ukutani usiku uleule. Mwanga wa balbu ya nyuzi haupungui sawasawa na volti. Volti zikishuka kwa asilimia 10, mwanga hushuka kwa takriban asilimia 30. Pima kabla: volti za betri injini ikiwa inanguruma, kisha volti za nyuma ya balbu taa zikiwa zimewaka. MGB ambayo nyaya zake hazijaguswa inaweza kupoteza volti 1.5 hadi 2 njiani. Baada ya relei lengo ni kupoteza chini ya 0.5.

Seti zinazouzwa zina ubora tofauti sana, na tofauti iko kwenye nyaya kuliko kwenye relei zenyewe. Unachotaka ni relei mbili za ampea 30, moja ya fuli na moja ya dimu, kila moja na fyuzi yake ya ampea 15, waya mkuu usiopungua milimita 2 za mraba, na ethi mpya (waya wa kwenda bodi) kwa kila taa. Seti za bei ya chini huja na waya mwembamba uliovishwa ganda nene ili uonekane mnene. Kata kipande cha sentimita moja mwishoni uone shaba yenyewe. Wengine pia huweka fyuzi moja kwa taa zote. Hilo ni kosa la hatari: fyuzi ikikatika kwenye kona, umebaki gizani kabisa. Zikiwa mbili, fuli ikikatika unabaki na dimu. Fyuzi nne, moja kwa kila uzi wa balbu, ni bora zaidi, na kuziongeza mwenyewe si kazi ngumu.

Namba za miguu ni zilezile kwa relei zote za kawaida: 30 ni moto kutoka betri kupitia fyuzi, 87 inakwenda kwenye balbu, 85 na 86 ni koili. Waya wa buluu na nyeupe wa zamani, uliokuwa unakwenda kwenye balbu, sasa unaishia kwenye 86 ya relei ya fuli. Buluu na nyekundu kwenye 86 ya relei ya dimu. 85 zote mbili zinakwenda ethi. Usikate nyaya za kiwandani. Chomoa kwenye viunganishi vya risasi (vya mviringo, vya kuchomeka) vilivyo mbele ya redieta, uchomeke seti hapo, ili mtu akitaka kurudisha gari lilivyokuwa aweze.

Wenye magari ya chanya kwenye bodi wasome hapa mara mbili. Relei ya kawaida haijali mwelekeo wa umeme kwenye koili. Lakini relei nyingi za sasa zina diodi ndani, iliyowekwa kuzuia mshtuko wa umeme koili inapozimwa, na hizo zinajali. Ukizifunga kinyume, diodi inakuwa njia ya mkato kwenda ethi, inaungua papo hapo, na wakati mwingine inaondoka na swichi uliyoisafisha. Mchoro mdogo juu ya kasha la relei unaonyesha kama diodi ipo. Ukiiona, badilisha 85 na 86 nafasi, au tafuta relei yenye rizista badala ya diodi.

Mkono wa indiketa na dimu

Hapa ndipo spea ya kuiga inaudhi zaidi. Mkono wa asili hufa kwa sababu tatu: kidole cha plastiki kinachorudisha indiketa kimevunjika, bapa la fuli na dimu limeungua, au waya uliochomelewa kwa risasi umekatika pale unapojikunja kila unapogeuza mkono. Sababu ya tatu ni rahisi kutengeneza. Ya pili inasafishika kama swichi ya dashibodi. Ya kwanza ndiyo inayokupeleka dukani.

Mikono mipya tuliyoishika ina kasoro za aina moja: kidole cha kurudishia ni kirefu au kigumu mno, kwa hiyo kinasugua pete ya usukani muda wote na kutoa mlio wa tiki-tiki ukigeuza, urefu wa mkono unatofautiana na wa zamani, na rangi za nyaya hazifuati za Lucas. Hiyo ya rangi ndiyo inayochoma. Usichomeke kwa kufuata rangi. Weka multimita kwenye mlio, geuza mkono hatua moja moja, uandike ni waya upi unaongea na upi, kisha ulinganishe na wa zamani. Waya wa kijani na nyekundu ni kushoto, kijani na nyeupe ni kulia. Hayo ni ya kwenye gari, mkono mpya unaweza kuwa na lake.

Kuufunga hakuhitaji kung'oa usukani. Toa makasha mawili ya plastiki ya safu, fungua skrubu mbili za mkono, chomoa viunganishi chini ya dashibodi. Kabla ya kufungua weka matairi yakiwa yameelekea mbele kabisa, na uone kinundu cha pete ya kurudishia kimekaa wapi. Ukifunga huku pete imezunguka, indiketa itajirudisha upande mmoja na kugoma upande wa pili, na utaulaumu mkono mpya bila kosa.

Lakini subiri kwanza. Indiketa zikifa zote mbili ghafla, na gari lako lina swichi ya hazadi, usiagize mkono. Umeme wa indiketa katika MGB hupita ndani ya swichi ya hazadi kabla ya kufika kwenye mkono. Swichi hiyo haibonyezwi miaka nenda rudi, shaba yake inaota ukungu, indiketa zinakufa. Ibonyeze iwake na kuzima mara ishirini hivi. Zikirudi, umepata mgonjwa, itoe uisafishe. Na zikiwaka bila kumeta, angalia balbu: kitengo cha kumetesha cha zamani kinategemea mzigo wa wati 42, yaani balbu mbili za wati 21. Balbu moja ikiungua, au ukiweka za LED, hakipati joto la kutosha na kinaganda.

Viunganishi vya risasi

Maneno machache tu, kwa sababu spea hii ni ndogo na nzuri. Vile viunganishi vya mviringo vya milimita 4.7 vilivyovishwa mpira mweusi ndivyo chanzo cha nusu ya lawama wanazobebeshwa Lucas. Nunua pakiti ya mikono mipya ya mpira na vichwa vipya vya shaba, ubadilishe vyote vya mbele ya gari kwa siku moja. Kichwa kikiingia bila kukaza, hicho ni cha kutupa. Ethi za taa za mbele nazo zikwangue mpaka chuma cheupe, uzifunge kwa wosha yenye meno.

Kutafuta mchezo kwenye stelingi

Tukihamia kwenye usukani, usinunue kitu kabla hujajua mchezo unatoka wapi. Gari likiwa chini kwa matairi yake, mtu mmoja atikise usukani kushoto na kulia kwa upana wa vidole viwili, mwingine alale chini na kuweka kiganja juu ya kila kiungo kwa zamu: jointi ya safu, reki yenyewe, mpira wa reki, tairodi endi. Mkono unasikia mchezo kabla jicho halijauona. Kisha inua mbele kwa jeki na kuweka stendi. Tikisa tairi kwa kulishika juu na chini: likicheza, ni beringi au kingipini (mhimili ambao tairi la mbele linageukia). Mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukipotea ilikuwa beringi, ukibaki ni kingipini. Shika kushoto na kulia: likicheza hapo, ni tairodi endi au bolijointi ya ndani ya reki.

Kingipini hazipo kwenye mada hii, ila zinatajwa kwa sababu zinaharibu hukumu ya spea nyingine zote. Zina nipo tatu za grisi kila upande, na zinataka grisi kila maili 3,000, yaani karibu kilomita 5,000. Nipo ikigoma kupokea grisi ukiwa umeinua gari, ujue njia imeziba kwa grisi kavu, itoe uisafishe. Usukani mzito unaogoma kurudi wenyewe baada ya kona mara nyingi ni kingipini kavu, wala si reki.

Tairodi endi

Hizi nunua mpya, na nunua za daraja la juu unaloliweza. Nzuri na mbaya zinatofautiana kwa mambo unayoweza kuyaona mezani. Shika nyumba yake kwa mkono mmoja, pini kwa mwingine. Pini iende kwa ugumu ulio sawa pande zote, bila kuanguka kwa uzito wake, na usisikie tiki ukiivuta juu na chini. Mpira wa vumbi uubinye: ulio mgumu kama sahani ya plastiki utapasuka kabla ya mwaka. Yenye nipo ya grisi ni bora kuliko iliyofungwa daima, ingawa nipo bila grisi ndani haisaidii kitu. Nyingine hutoka kiwandani zikiwa karibu kavu.

Jaribio muhimu kuliko yote ni la koni. Paka kalamu ya wino juu ya koni yote ya pini, iingize kwenye mkono wa stelingi, izungushe robo mzunguko, uitoe. Wino uwe umefutika kuzunguka koni nzima. Ukifutika kwenye pete nyembamba ya juu au ya chini tu, koni haikubaliani na tundu, na itapiga kelele na kulegea hata ukaze namna gani. Angalia pia kama nati inaishiwa nyuzi kabla koni haijakaa.

Kuitoa ya zamani: legeza nati ya kufungia kwenye tairodi kwa mzunguko wa robo tu, chora alama ya rangi, halafu legeza nati ya pini bila kuitoa kabisa. Kivutio cha taya mbili kinafanya kazi, lakini kama unatupa tairodi endi yenyewe, nyundo mbili zinatosha: moja nzito nyuma ya jicho la mkono, nyingine ipige upande wa pili wa jicho. Usipige pini. Ukiizungusha kutoka, hesabu mizunguko, na mpya iingie kwa idadi hiyohiyo. Kaza nati ya pini kwa nyutoni-mita 47 hivi. Nati yenye plastiki ndani haitumiki mara ya pili.

Idadi ya mizunguko inakufikisha tu kwa fundi wa alaimenti, haichukui nafasi yake. Matairi ya mbele ya MGB yanatakiwa kuelekeana kidogo kwa mbele, inchi 1/16 hadi 3/32, yaani milimita 1.6 hadi 2.4. Hakikisha pande zote mbili za tairodi zimeingia sawa. Ukirekebisha upande mmoja peke yake, usukani utakaa upande na gari litakata kona moja kwa upana kuliko nyingine.

Mipira ya reki na mafuta yake

Mipira ya sasa ndiyo spea dhaifu kuliko zote kwenye orodha hii. Ya mpira wa asili wa bei rahisi hupasuka kwenye mikunjo, mara nyingine gari likiwa limeegeshwa tu. Kuna ya silikoni. Inadumu, lakini inachanika ikikwaruzwa na bendi ya chuma, kwa hiyo ifunge kwa bendi ya plastiki bila kuikamua.

Kwa nini ujali? Kwa sababu reki ya MGB ya awali ilijazwa mafuta ya gia ya EP 90, theluthi moja ya painti ya Kiingereza, karibu mililita 190, na kinachoyazuia ni mipira hiyo peke yake. Mpira ukipasuka usiku, asubuhi reki ni kavu na maji yanaingia. Mafundi wengi wa magari haya sasa wanaweka grisi laini inayotiririka polepole badala ya mafuta, na tunakubaliana nao: mpira ukipasuka, bado kuna kitu kwenye meno. Usiweke grisi nzito ya beringi. Inasukumwa pembeni, inakaa huko, na meno yanabaki makavu. Wala usijaze kwa bomba la grisi kupitia nipo bila kipimo. Ukizungusha usukani mpaka mwisho, shinikizo linapasua mpira mpya uliouweka jana.

Jointi ya safu

Spea ndogo, ya bei ya kawaida, na inayosahaulika. Inaunganisha safu ya usukani na pinioni ya reki, ile gia ndogo inayosukuma meno yake. Ikichakaa unasikia mchezo mdogo katikati. Ikiwa inakwama, usukani unakuwa mzito mara mbili katika kila mzunguko mmoja, sehemu zilezile. Dalili hiyo ya mara mbili ni ya jointi pekee, reki haifanyi hivyo.

Bolti zake za kubana lazima zitoke kabisa, kulegeza hakutoshi, kwa sababu mwili wa bolti umekaa kwenye mfereji uliochongwa kwenye shafti. Hapo ndipo watu wanapopiga nyundo na kuharibu. Magari ya baadaye yana safu inayojikunja kwenye ajali, imeshikwa kwa pini za plastiki. Ukipiga usukani au safu kwa nyundo unazikata, na usukani unabaki ukicheza mbele na nyuma. Toa bolti, panua mwanya kwa bisibisi bapa, jointi itateleza. Ukirudisha, bolti zikazwe nyutoni-mita 27 hadi 30, na ujaribu kuvuta shafti kwa mkono kuhakikisha zimeingia kwenye mfereji.

Halafu kuna kupanga mstari. Safu na pinioni zinatakiwa kukutana katikati ya jointi. Ukifunga safu huku zimepishana, jointi mpya itakwama na kufa mapema. Legeza bolti zote za safu, za juu na za sakafuni, geuza usukani mwisho hadi mwisho, ambao ni karibu mizunguko 2.93, ukiiacha safu ijitafutie mahali pake, kisha ukaze chini kwanza na juu baadaye. Ukikaza ukasikia ugumu umerudi, legeza uanze tena. Kuna wosha za kujazia zinazowekwa pale reki inapofungwa kama pengo halizibiki.

Reki ya kubadilishana

Unatoa ya zamani, unapewa nyingine iliyokarabatiwa. Tumeiweka mwisho kwa makusudi. Reki ya MGB ni ngumu, na nyingi zinazotupwa zilihitaji mipira na marekebisho ya bolijointi za ndani tu. Baadhi ya zilizokarabatiwa ni reki za watu wengine, zimeoshwa, zikapakwa rangi nyeusi na kuvishwa mipira mipya.

Ipime kabla ya kukabidhi ya zamani. Zungusha pinioni kwa mkono kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Meno huchakaa zaidi katikati, pale gari linapokwenda moja kwa moja, kwa hiyo mkarabati mvivu hukaza kizuizi cha springi mpaka mchezo wa katikati uishe. Matokeo yake reki ni laini katikati na inakaza ukikaribia mwisho. Hiyo usiichukue. Nzuri ina ugumu uleule njia nzima. Shika kila tairodi: iende kwa kulazimishwa kidogo, isilegee kama kamba, wala isihitaji mikono miwili.

Linganisha pia na yako kabla hujalipa, na hasa urefu wa shafti ya pinioni na mahali pa kufungia. Mwishoni mwa 1974, bampa za raba zilipoingia na gari likainuliwa kwa inchi 1.5, sehemu hizo zilibadilika, na reki ya gari la bampa za kromu haifungi kwenye la bampa za raba. Muuzaji akikwambia zote ni sawa, usimwachie reki yako.